Marekani: Siri ya mbio iko chini ya kisahani, namna wapenzi wa kabumbu ya umeme wanavyotengeneza wachezaji wao

Bati linatetemeka, kelele kama ya nyuki waliofungiwa ndani ya debe inajaa chumba, na wachezaji 22 wa plastiki wanaanza kusogea wote kwa mara moja. Watu wazima wawili wamesimama pande mbili za meza, mikono nyuma. Hawana tena ruhusa ya kugusa kitu. Kama mmoja wa wachezaji hao atachomoka mbele ya wengine na kufika mwisho wa uwanja, ni kwa sababu ya kazi iliyofanyika siku nyingi mbele ya hapo, usiku, chini ya taa, koleo ndogo mkononi.

Huo ndio mchezo wa kabumbu ya umeme, wenye zaidi ya miaka 70 sasa inchini Marekani. Inafaa kufahamisha mapema: kabumbu inayosemwa hapa si ile ya TP Mazembe wala ya AS Maniema Union. Ni ile ya Kimarekani, yenye mpira wa umbo la yai, wachezaji 11 kila upande, kofia ngumu kichwani, ambamo mtu anabeba mpira mikononi na wengine wanamwangusha. Wakongomani walio na ndugu kule ngambo wamekwisha kuiona katika televisheni. Wengine wanamkumbuka Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Canada, ambaye kunako mwaka wa 1996 alichaguliwa na timu ya Carolina Panthers akiwa wa 8 kati ya vijana wote walioingia ligi kubwa ya NFL mwaka ule. Kazi yake ilikuwa kubeba mpira na kukimbia.

Juu ya meza, kazi hiyo hiyo inafanywa na kijitu cha plastiki ambacho miguu yake halisi haisogei hata kidogo. Mbio zake zinatoka kwenye kisahani alichosimama juu yake, na kisahani hicho ndicho kinachowakosesha usingizi wanaume wenye mvi.

Bati, sumaku na vijiguu

Uwanja ni bati jembamba lililopakwa rangi ya majani na kuchorwa mistari meupe, likakazwa ndani ya fremu. Mtu wa Bukavu akiliona atasema ni kipande cha manjanja kilichonyooshwa vizuri. Chini yake kuna koili ya waya wa shaba na kipande cha chuma. Umeme wa nyumba ukiingia katika koili, koili inageuka kuwa sumaku, inavuta chuma, inakiachilia, inakivuta tena. Umeme wa Marekani unafanya mizunguko 60 kila sekunde, na sumaku inavuta mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo bati linatikiswa mara 120 kwa sekunde. Kuna skrubu au kitufe cha kuzungusha ambacho kinaongeza ao kupunguza nguvu ya mtetemo.

Mchezaji hana mota, hana betri, hana gurudumu. Kisahani chake ni kidogo, kinatosha kukaa juu ya vidole viwili. Ukikigeuza, utaona vijiguu vyembamba vya plastiki vilivyoinama kuelekea nyuma. Bati linapopanda, linasukuma vijiguu. Na kwa kuwa vimeinama, vinajipinda kama upinde. Vinapojinyoosha vinasukuma bati kwa nyuma, na kisahani kinaruka mbele kidogo. Bati linaposhuka, vijiguu vinateleza bila kushika. Kiisha inaanza upya. Ikiwa mchezaji anaenda sentimita 6 kwa sekunde, hesabu ni rahisi: kila mruko ni nusu ya milimita. Jicho haliwezi kuuona. Jicho linaona mtu anayeteleza tu, kama mwenye haraka.

Mwenye kutaka kuelewa jambo hili bila kupanda ndege anaweza kwenda kwa fundi wa simu wa mtaani. Simu iliyokufa ina kimota kidogo kinachotetemesha. Kikibandikwa juu ya kichwa cha mswaki ambao nywele zake zimeinama upande mmoja, na kuunganishwa na betri ndogo ya saa, mswaki utaanza kutembea wenyewe mezani. Nywele zikiwa wima kabisa, utatetemeka tu na kuzungukazunguka fasi moja. Ni kanuni ile ile.

Mtoto wa fundi aliyerithi kampuni

Aliyeuleta mchezo huu sokoni ni Norman Sas, enjinia aliyesomea chuo cha MIT. Alichukua uongozi wa kampuni ya familia, Tudor Metal Products ya New York, kunako mwaka wa 1948, akiwa bado kijana. Kampuni ilikuwa tayari ikitengeneza mchezo wa mashindano ya magari madogo yaliyosukumwa na bati lenye kutetemeka. Sas alijiuliza kwa nini visiwe vijitu badala ya magari, na mwaka uliofuata kabumbu ya umeme ikaingia madukani.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoupandisha. Mchoraji wa vitu vya viwanda, Lee Payne, aliwapa wachezaji sura na maungo ya watu wa kweli, na kunako mwaka wa 1967 Tudor ikapata ruhusa ya kutumia rangi na majina ya timu za NFL. Kizazi kizima cha watoto wa kiume Wamarekani kilipata sanduku hilo asubuhi ya Noeli.

Na kizazi hicho hicho kililia. Sababu wachezaji hawakwenda mahali walipotumwa. Mmoja alizunguka kama pia, wa pili alikwama kwenye kona akigonga ukuta, wa tatu aliubeba mpira vizuri kabisa lakini kuelekea goli lake mwenyewe. Tudor baadaye ilileta visahani vyenye gurudumu dogo la kuzungusha chini, ambalo linageuza baadhi ya vijiguu ili mchezaji akate kushoto ao kulia kadiri ya mapenzi ya mwenye mchezo. Hiyo ilisaidia, lakini haikumaliza tatizo. Kunako mwaka wa 1977 kampuni ya Mattel ilitoa mchezo wa kabumbu wa elektroniki wa kushika mkononi, kiisha michezo ya video ikafuata, na bati likaanza kuvumbika vumbi chini ya vitanda. Sas aliuza kampuni yake mwaka wa 1988. Aliaga dunia mwaka wa 2012, akiwa na miaka 87.

Lakini kati ya wale watoto, kuna waliokataa kuliacha bati. Walipokuwa watu wazima, wenye mishahara na vyumba vya chini ya nyumba, walirudia lile swali la utotoni: namna gani ya kumfanya huyu mtu aende mbele, moja kwa moja, na mbio kupita wengine?

Maji ya moto, koleo na uvumilivu

Kitu cha kwanza walichogundua ni kwamba visahani vilivyotoka katika kiwanda kimoja, pakiti moja, rangi moja, havina mbio sawasawa. Plastiki inamiminwa ndani ya kalibu ikiwa ya moto, kiisha inapoa, na katika kupoa kila kijiguu kinajikunja kivyake. Tofauti ni ndogo sana, lakini ikirudiwa mara 120 kwa sekunde inakuwa kubwa. Basi kazi inaanza na kuchagua. Kila kisahani kinawekwa peke yake mwanzoni mwa uwanja, saa ya kupimia mkononi, na kinaachwa kiende hadi mwisho. Kinachokwenda upande kinawekwa pembeni. Kinachokwenda sawa lakini polepole kinawekwa fasi nyingine. Kinachokwenda sawa na haraka ni mali. Hicho hakiguswi ovyo.

Kwa vile vingine, kuna maji ya moto. Kisahani kinatumbukizwa ndani ya maji yaliyochemka kwa muda mfupi, plastiki inalegea, vijiguu vinapangwa kwa kidole ao kwa koleo, kiisha kinatupwa ndani ya maji ya baridi ili umbo jipya lishike. Wengine hawapendi maji. Wanatumia koleo kavu tu, wakibana kijiguu na kukivuta taratibu kama mtu anayenyoosha waya wa redio. Kila njia ina watetezi wake, na mabishano yao hayana mwisho.

Shida si kupinda. Shida ni kujua kupinda kiasi gani. Kijiguu kilichosimama karibu wima kinaruka juu badala ya kwenda mbele: mchezaji anatetemeka kwa nguvu, anapiga kelele, haendi. Kijiguu kilicholala sana kinashusha tumbo la kisahani hadi linagusa bati, na hapo mbio zinakufa kabisa. Kati ya hayo mawili kuna pembe moja nzuri, na pembe hiyo si ile ile kwa kila kisahani, kwa kuwa unene wa vijiguu unatofautiana. Kijiguu chembamba kinajipinda sana na kujinyoosha haraka. Kinene kinasukuma kwa nguvu lakini kinahitaji uzito juu yake ili kijipinde.

Kiisha kuna swali la kushoto na kulia. Vijiguu vya upande mmoja vikisukuma hata kidogo kupita vya upande wa pili, mchezaji atapinda njia. Ni sawa na pirogi yenye wapiga kasia wawili, mmoja kijana na mmoja mzee. Anayetafuta mbio lazima kwanza apate usawa, la sivyo anatengeneza mchezaji wa haraka anayekimbilia nje ya uwanja. Ndiyo maana wenye kuanza wanapewa shauri moja na wazee wa kazi: gusa kijiguu kimoja, pima, gusa kingine, pima tena. Atakayebana vyote kwa mara moja hatajua ni kipi kilichoharibu. Na plastiki haisamehe. Kijiguu kilichopindwa mara nyingi kinachoka, kinapata mstari mweupe kwenye kiungo, kiisha kinakatika. Kisahani kilichokatika kijiguu hakina dawa.

Uzito nao una neno lake. Kijitu kikipakwa rangi tabaka tatu kinakuwa kizito kupita kile cha tabaka moja. Kikiwa na mkono ulionyooshwa upande, kinaelemea upande huo. Wachezaji wa mstari wa mbele, wale wa kusukumana, wanatakiwa kuwa wazito ili wasirudishwe nyuma. Mkimbiaji anatakiwa kuwa mwepesi, lakini si mwepesi hadi vijiguu vyake vikose cha kubeba na aanze kudundadunda. Kwa sababu hiyo ligi zinaweka kikomo cha uzito, na gramu 4 ni kipimo kinachojulikana sana kwao. Mbele ya mechi, timu inapita juu ya mizani ndogo ya elektroniki, ndugu ya ile ambayo wanunuzi wa dhahabu wanaitumia huku kwetu. Rangi ya ziada kwenye kofia inaweza kumtosha mtu katika mashindano.

Mbio za nyumbani, aibu ya ugenini

Kuna jambo moja ambalo linawaumiza wengi, na halijulikani hadi siku ya kusafiri. Mtu anatengeneza visahani vyake juu ya bati lake kwa miezi. Anafika kwenye mashindano, anaweka mkimbiaji wake bora juu ya bati la mwenyeji, na mkimbiaji anatambaa kama aliyekula ugali mwingi mno.

Sababu ni kwamba kila bati lina tabia yake. Bati moja limekazwa sana, lingine limelegea katikati. Koili moja ina nguvu, nyingine imezeeka. Meza moja imelala sawa, nyingine imeinama kidogo, na ukipanda mlima wa milimita mbili kwa miruko ya nusu milimita, mlima huo si mdogo. Kila kisahani pia kina kiwango cha mtetemo kinachokipendeza. Ukizidisha, kinaanza kupaa badala ya kukanyaga, na mbio zinapungua wakati kelele inaongezeka. Wageni wa mchezo huu wanafikiri kufungua skrubu hadi mwisho ndiko kupata mbio. Mara nyingi ni kinyume.

Kwa hiyo wenye uzoefu wanakuja na nivo kama ile ya mafundi wa kujenga nyumba, wanaomba muda wa kujaribu uwanja mbele ya mechi, na wanabeba sanduku lenye vyumba vingi, mfano wa sanduku la mvuvi wa ndoano. Ndani yake visahani vimepangwa kwa alama: vya mbio, vya nguvu, vya kukata kushoto, vya kukata kulia, vya bati gumu, vya bati laini. Wanafuta bati kwa kitambaa kisafi, sababu vumbi na mafuta ya vidole vinabadilisha mtelezo.

Na hata hivyo, mbio peke yake haishindi mechi. Katika mchezo huu, mwenye mpira akiguswa na sehemu ya mbele ya kisahani cha adui, amekwisha kuanguka. Mkimbiaji wa haraka asiye na watu wa kumfungulia njia anafika kwa adui mapema kupita wengine, ndilo faida pekee analopata. Kocha anapaswa kusoma mpangilio wa upande wa pili, kuweka watu wake, kuzungusha magurudumu yao madogo, kiisha kukubali kwamba umeme ukiwashwa hana tena la kufanya. Lakini beki mwenye mbio akiwa upande wa adui, mpango wote unaweza kubomoka katika sekunde tatu. Ndiyo sababu wote wanatafuta mbio, hata wale wanaosema hadharani kwamba hawazijali.

Nani mwenye ushindi?

Hapo ndipo ugomvi unapoingia, na ni ugomvi wa kweli, unaogawanya marafiki wa miaka mingi. Upande mmoja kuna wanaotaka visahani vitumike kama vilivyotoka kiwandani. Kwao, mchezo ni akili ya kocha. Mwenye koleo na usiku mwingi asimshinde mwenye mpango mzuri. Wanaongeza kwamba mtoto anayenunua sanduku jipya leo na kukutana na mkimbiaji aliyetengenezwa kwa miaka 10 atapigwa vibaya, atalirudisha sanduku chini ya kitanda, na mchezo utakufa pamoja na wazee wake.

Upande wa pili unajibu kwamba kazi ya koleo ndiyo mchezo wenyewe. Bila hiyo, bati linarudi kuwa ile dhihaka ya utotoni, wachezaji wakizunguka kama pia. Makocha wa kweli wanafundisha wachezaji wao mbio, wanasema. Huyu wa plastiki atafundishwa namna gani kama si kwa vidole?

Ligi zimejibu kila moja kwa namna yake. Nyingine zinakubali visahani vya dukani tu. Nyingine zinaruhusu kupinda na kuchemsha lakini zinakataa kuongeza kitu chochote kigeni, kama gundi ao chuma, kwenye vijiguu, na mwamuzi anageuza mchezaji mmoja mmoja na kumwangalia chini. Kuna muungano wa makocha, Miniature Football Coaches Association, unaowakutanisha watu wa ligi mbalimbali, na kila wanapokutana lazima wakubaliane kwanza juu ya visahani kabla ya kuwasha umeme.

Lililo gumu zaidi ni biashara. Mafundi wenye mkono mzuri wameanza zamani kuuza visahani vilivyokwisha kutengenezwa na kupimwa. Mtu mwenye pesa na asiye na subira anaweza kununua mbio. Hakuna sheria inayoweza kulikataza hilo kwa urahisi, sababu kisahani hakina jina la aliyekipinda. Ni vigumu kutowaelewa wanaolalamika: kushindwa na mwenzako aliyekesha ni jambo moja, kushindwa na pochi yake ni lingine. Lakini wauzaji nao wana haki ya kusema kwamba macho ya mzee wa miaka 70 hayaoni tena vijiguu, mikono yake inatetemeka kupita bati lenyewe, na bila visahani vya kununua angekuwa amekwisha kuacha kucheza.

Kwa Mkongomani ambaye ndugu yake atamtumia sanduku kama hilo kutoka Marekani, na masanduku ya zamani hayakosekani katika maduka ya vitu vilivyotumika kule, kuna onyo moja. Mabati ya zamani yalitengenezwa kwa umeme wa volti 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye volti 220 za huku, koili itaungua, na harufu itabaki nyumbani siku mbili. Inahitajika transfoma ya kushusha volti. Lakini transfoma haibadilishi mizunguko: umeme wetu una 50 kwa sekunde, si 60, na bati litatikiswa mara 100 badala ya 120. Mkimbiaji aliyetengenezwa Ohio atafika huku akiwa mwingine kabisa, na mwenye kumpokea atapaswa kuchemsha maji na kutafuta koleo.